Baragumu Hatangazi Asichokiona

Mkwe wangu anaishi kwa mdomo wake, na sisemi hivyo kumtukana. Ndiyo kazi yake. Mtu akifiwa, mtoto akipotea, maji yakikatwa, mashine ya kusaga ikiharibika, anaitwa yeye. Anafunga kipaza sauti mbele ya baiskeli, betri anaiweka nyuma kwenye kapu, anazunguka mtaa mzima akitangaza. Jina lake halisi wanalijua binti yangu na mama aliyemzaa. Sisi wengine wote tunamwita Baragumu.

Mimi nilimkataa, na sitaki mtu anisute kwa hilo. Nimestaafu kazi ya maktaba. Ujana wangu wote niliumalizia kupita kati ya meza na kidole mdomoni: shii! Mtu akikohoa, namtazama. Mtu akifungua pipi, namfuata. Halafu mtoto wangu wa pekee, fundi cherehani ambaye wateja wanamgombania, ananiletea mwanaume anayelipwa kupiga kelele!

"Mama, ana sauti nzuri," akaniambia.

"Debe tupu haliachi kuvuma," nikamjibu.

Wakaoana hivyo hivyo. Magoti yaliponigomea nikahamia kwao, wakanipa chumba cha mbele chenye dirisha linalotazama barabara. Kwa hiyo msiniambie habari za Baragumu. Ninamsikia akitoka, ninamsikia akirudi, na akiwa ndani ninamsikia akipiga chafya.

Ila ana jambo moja, na hilo lazima niliseme. Kabla hajamwoa binti yangu alikuwa ananadi mitumba sokoni. Siku moja mtu alimjia mbio, akamwambia seremala mzee wa pale jirani amefariki, hebu tangaza. Naye akatangaza, kwa huzuni kabisa, sauti ikitetemeka. Watu wakafunga maduka. Wanawake wakaja wakilia tangu njia panda. Walipofika walimkuta marehemu kibarazani anakunywa uji, anauliza nani kafa. Watu wakaona haya kumjibu. Mzee alipoelewa, aliuliza tena, safari hii akitaka kujua aliyetangaza ni nani. Wakamwonyesha. Alimkimbiza Baragumu na randa mkononi hadi upande wa pili wa soko, na kwa mtu aliyekwisha kufa, yule mzee alikuwa na mbio.

Tangu siku ile Baragumu hatangazi asichokiona. Msiba, anaingia ndani kwanza, anamwona marehemu, anawapa pole wafiwa, ndipo anatoka. Mtoto akipotea, anampakia mama mtu kwenye baiskeli, wanazunguka wote. Maji yakirudi, anafungua bomba mwenyewe aone yanatoka. Na kila kona anasimama, anatia mguu chini, anatangaza mara mbili, anasema aliyemtuma ni nani, kisha anangoja maswali. Hata mbunge wetu alipofariki, watu wa suti walimjia asubuhi na mapema, wakiongozwa na bwana mmoja mpambe wao tunayemwita Manukato, kwa sababu harufu yake hubisha hodi kabla yake. Wakamwambia mheshimiwa ametutoka, zunguka utangaze.

"Nimwone kwanza," Baragumu akasema.

"Unajua unaongea na nani?" Manukato akamuuliza.

"Najua. Ndiyo maana nataka nimwone."

Walifoka, wakapigiana simu, mwisho wakampeleka chumba cha maiti. Akamwona, akarudi kimya, akapanda baiskeli yake. Mji mzima ulicheka wiki nzima. Mimi nilicheka chumbani kwangu na mlango nimeufunga, asije akavimba kichwa.

Basi mbunge akazikwa, nafasi yake ikawa wazi, tukaambiwa kuna uchaguzi mdogo. Majina yalikuwa mengi lakini wagombea wenyewe walikuwa wawili. Wa kwanza tulimwita Mrithi, mdogo wake marehemu. Ameishi mbali miaka nenda rudi, hata njia ya kwenda sokoni alikuwa anaulizia, lakini alisimama jukwaani akasema anarudi kushika alichoacha kaka yake. Kama vile sisi ni shamba! Wa pili alikuwa Mkunga, mstaafu wa hospitali, mama mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Nusu ya mtaa wetu ilipokelewa duniani na mikono hiyo, binti yangu akiwemo. Mtaani kwetu Mrithi hakuwa na chake. Yeye mwenyewe alijua hilo, na Manukato alijua zaidi yake.

Baragumu alitangaza mikutano ya wote wawili. Nikamjia juu.

"Mrithi naye unamtangazia? Huna haya?"

"Mama, natangaza mkutano. Jukwaa nimeliona, watu nimewaona wanapigilia misumari. Sifa zake sizitangazi, hizo sijaziona."

Nikamwacha aende. Si kawaida yangu.

Zilipobaki siku mbili tupige kura, harufu ikaingia sebuleni. Binti yangu alikuwa kwenye cherehani anashona sare za shule, mimi nakunja pindo, Baragumu anakoroga asali kwenye maji ya moto, maana kampeni zilikuwa zimemkwangua koo na mafua yakaja juu yake. Manukato akaketi bila kukaribishwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba," nikasema, kwa kuwa adabu ni yangu, si yake.

Akamgeukia Baragumu. Kuna mabadiliko, akasema. Kituo cha kupigia kura cha hapa shuleni kimehamishwa, watu wa mtaa huu watapigia uwanja wa michezo, kule ng'ambo ya reli. Zunguka leo na kesho, wananchi wasije wakahangaika.

Mnajua uwanja wenyewe uko wapi? Ni mwendo wa kumtoa jasho kijana. Mzee kama mimi angefika jua likizama. Na akifika atakuta nini, wakati jina lake limo kwenye daftari la shuleni? Atakuta majani na magoli.  Baragumu alikunywa maji yake yote, akachukua baiskeli, akaenda shuleni, hapo tu nyuma ya mashine ya kusaga. Manukato akabaki anatutabasamia. Binti yangu akakanyaga cherehani kwa nguvu ili asisikie mazungumzo, na mazungumzo hayakuwepo.

Baragumu akarudi. "Nimewakuta wasimamizi wanapanga meza madarasani," akasema. "Nimewauliza. Hakuna kilichohama."

"Ndugu yangu, wewe tangaza tu. Wakubwa wanajua wanachofanya."

"Nitataja nani amenituma?"

"Sema ni tume ya uchaguzi."

"Tume nimetoka kuongea nayo sasa hivi. Hainijui."

Manukato akaacha kutabasamu. Akasema mji huu ni mdogo, na mtu mwenye kazi ya kelele anaweza kuamka siku moja akakuta kelele zimepigwa marufuku. Mkataa pema, akasema, pabaya panamwita. Baragumu akasimama, akamfungulia mlango.

"Kuniita pataniita mimi," akasema. "Wewe nenda salama."

Mnadhani walichelewa? Kesho yake afisa wa kata akaja na askari wawili. Ati wamepokea malalamiko ya kelele. Wakafungua kipaza sauti kwenye baiskeli, wakabeba na betri. Hapo damu ikanichemka.

"Malalamiko ya nani?" nikawauliza. "Mwenye haki ya kulalamikia kelele za huyu mtu ni mimi, na nimelalamika miaka yote hamkuja! Leo ndiyo mmepata masikio?"

Afisa akaangalia viatu vyake. Nilimfahamu tangu anasoma. Alikuwa anakuja maktaba kulala. Wakaondoka na kipaza chetu kwenye pikipiki.

Binti yangu akalia. Si kwa sababu ya kipaza tu. Aliogopa watamfunga mumewe, aliogopa watarudi kuchukua na cherehani. "Ungesema tu, mume wangu," akamwambia. "Maneno mawili matatu. Nani angekulaumu?"

"Nikisema hilo," Baragumu akamjibu, sauti yake imebaki nusu, "mtoto wa mtu akipotea kesho, nikipita natangaza, nani atatoka nje? Mama yako akifa, nani atakuja kumzika?"

"Ebo! Nani kakwambia nakufa?" nikafoka.

Lakini usemi ule ulinikaa. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, wahenga walisema, na huyu kijana alikuwa ameshajikwaa ulimi mara moja, akafukuzwa na randa. Hakuwa na kitu kingine duniani. Nyumba ya kupanga, baiskeli ya mitumba. Alikuwa na sauti ambayo watu wakiisikia hawaulizi mara mbili, basi.

Siku ya kura nikaamka mapema, nikaanza kuvaa. Nikasikia gari linapita barabarani taratibu, na juu ya gari, sauti ya Baragumu.

"Ndugu wananchi, ndugu wananchi! Kituo cha shuleni kimehamishwa! Wapiga kura wote mnaombwa kuelekea uwanja wa michezo, ng'ambo ya reli!"

Ilikuwa sauti yake. Ule uzito wake, ule mvuto anaouweka mwishoni mwa neno, mpaka kile kikohozi chake kidogo kabla ya kuanza. Hasira ikanipanda. Kumbe amelegea! Kumbe usiku kucha ananidanganya na asali yake! Nikatoka chumbani na kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, na hicho cha mkononi kilikuwa na kazi yake.

Nikamkuta sebuleni. Ameketi, kikombe cha chai kimesimama katikati ya meza na mdomo, anasikiliza sauti yake mwenyewe ikipita nje ya dirisha.

Tulitazamana. Gari likakunja kona, likaendelea kuhubiri.

"Ni yule mchekeshaji wa kwenye harusi," akasema kwa sauti ya kukwaruza. "Yule anayeniigiza. Hata mimi nilikuwa namcheka."

Nikateremsha kiatu. Sikumwambia kilikuwa kinaenda wapi, lakini nadhani alijua. Sijawahi kuona uso wa mtu ukiwa hivyo. Nyumba inayoungua unaweza kuikimbilia na ndoo. Yeye walikuwa wamemwibia koo lake, wakalitumia kudanganya majirani zake, na walishapita.

Nje watu walikuwa wameanza kutoka. Muuza mkaa na mkewe. Kinyozi, na mama yake mgonjwa amembeba mgongoni. Wazee na mikongojo yao, wanawake na miavuli, wote wanaelekea upande wa reli. Hawakuwa wajinga. Walikuwa wamemsikia Baragumu.

Binti yangu akakimbilia mlangoni. "Waite! Waambie!"

"Niwaambie nini?" akasema. "Wamenisikia natangaza hivi, sasa nitangaze vile? Watajua lipi ndilo langu? Ngoja nikaone kwanza."

Nilitaka kumpiga kwa kile kiatu kweli. Kuona nini tena, wakati mtaa unahama? Lakini alikuwa ameshatoka, na binti yangu nyuma yake, na mimi nikavaa kiatu changu nikawafuata na mkongojo, magoti yakilalamika kila hatua. Shuleni meza zimepangwa, masanduku ya kura yapo, wasimamizi wanapiga miayo. Mlinzi alishangaa kuona watu. Baragumu akatoa kadi yake, akapiga kura, wakampaka wino kidoleni. Binti yangu akapiga, akapakwa. Mimi nikapiga, nikapakwa. Ndipo nikamwelewa. Wino ule haupatikani popote pengine. Huwezi kuwa nao asubuhi ile isipokuwa umetoka shuleni na kituo umekiona kwa macho yako.

Tukaenda kusimama njia panda, mbele ya mashine ya kusaga, pale ambapo kila anayekwenda ng'ambo ya reli lazima apite. Baragumu akapanda juu ya jiwe wanalokanyagia wapakia magunia. Akainua kidole.

"Ndugu wananchi!" akaita. "Yule si mimi! Mimi ni huyu! Kituo kipo shuleni, nimekiona, nimepiga kura, huu hapa wino!"

Walio karibu wakasimama. Kinyozi akasogea, mama yake mgongoni, akakitazama kidole kile kama anakagua noti.

"Na yule wa kwenye gari?" akauliza.

"Alisimama kona? Alitia mguu chini? Alisema nani kamtuma?"

Kinyozi akafikiri. "Nilimkimbilia nimuulize," akasema. "Akaongeza mwendo."

"Basi."

Kinyozi akageuka na mama yake. Muuza mkaa akageuka. Lakini wengine walikuwa wameshatangulia mbali, kundi zima, linakaribia reli. Baragumu akavuta pumzi, akaita tena, na katikati ya neno sauti ikakatika. Akajaribu tena. Mdomo ukafunguka, mishipa ya shingo ikasimama, hakikutoka kitu. Kampeni, mafua, na hasira ya asubuhi ile vilikuwa vimemmaliza. Akanigeukia mimi. Machozi yalikuwa yanamtoka, mwanaume mzima, na kidole chake bado kipo juu.

Mimi ni mtu wa maktaba. Sijawahi kuita mtu kwa sauti barabarani. Hata wakati wa kujifungua, Mkunga ni shahidi, niliuma shuka. Nikamwambia Baragumu, "Shuka hapo." Binti yangu akanishika mkono, nikapanda.

"Nyie!" nikapiga ukelele. "Nyie mnaokwenda kupiga kura kwenye magoli! Rudini hapa!"

Loo! Sikujua ninayo ile sauti. Njiwa waliruka kwenye paa la mashine. Kundi zima kule relini likageuka. Nikainua kidole, nikawaambia kituo kiko shuleni, nimekiona, wino huu hapa, njooni mkitazame kidole cha bibi mzima. Wakarudi. Kwanza wachache, halafu wote, wakitukana gari kwa lugha ambayo maktaba hakuna kitabu chake. Kila aliyepiga kura akatoka shuleni na kidole juu, akasimama kona yake, akaita wa kwao. Mpaka jua linakuwa kali, mstari ulikuwa umezunguka ukuta wa shule.

Harufu ikanifikia nikiwa bado juu ya jiwe.

"Mama, hii ni kampeni siku ya kura," Manukato akasema. "Ni kosa. Nitakuitia askari."

"Nimetaja jina la nani?" nikamuuliza.

Akatazama pembeni.

"Niambie wewe msomi. Nimesema wamchague nani? Nimesema shule iko wapi. Kama shule ni mgombea, nifunge!"

Watu wakaangua kicheko. Akaondoka haraka mpaka kivuli chake kikaachwa nyuma.

Mnadhani alikoma? Thubutu. Jioni, kura zinahesabiwa, tukiwa kibarazani miguu yangu ndani ya beseni la maji ya moto, alirudi. Safari hii mpole kama bibi harusi, na mkononi amebeba kipaza sauti chetu na betri yake. Yaliyopita si ndwele, akasema. Chukua chombo chako. Ila zunguka mara moja tu, wape watu habari njema: Mrithi ameshinda.

Majirani walikuwa wamejaa barabarani wanasubiri. Wakasogea wote. Baragumu akapokea kipaza, akakipangusa vumbi, akafunga nyaya kwenye betri. Manukato akatabasamu. Kisha Baragumu akakiweka mapajani mwangu, akainama, akaninong'oneza sikioni.

Nikabonyeza kitufe. "Mkwe wangu anasema," nikatangaza, na mtaa mzima ukasikia, "matokeo tuyaone kwanza!"

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Manukato alisahau hata kukichukua tena kile chombo.

Kesho yake matokeo ya jimbo zima yakabandikwa ukutani mwa ofisi ya kata. Watu walijaa hadi barabarani. Baragumu akanipakia kwenye baiskeli, akanisukuma taratibu, magoti yangu hayakugusa ardhi. Sauti ilikuwa bado haijarudi. Akapenya, akasoma ile karatasi kwa kidole, mstari kwa mstari, akarudi na uso unaong'aa, akataka kuninong'oneza.

"Toka hapa," nikamwambia. "Nisaidie kushuka. Nami nione kwanza."

Nikavaa miwani, nikasoma. Nikarudia. Kura za mtaa wetu ndizo zilizomvusha. Nyuma yangu watu walikuwa kimya, kimya ambacho nilikihangaikia miaka yote ya kazi na sikukipata hata siku moja. Nikageuka, nikatia mguu chini, nikainua kipaza.

"Ndugu wananchi! Mbunge wetu ni Mkunga! Nimeona kwa macho yangu! Ndugu wananchi! Mbunge wetu ni Mkunga! Na aliyenituma," nikasema, na hapo nikamshika mkono mbele ya watu wote, "ni mkwe wangu."